Mtoki wa Mama Aikande

Kichupa kikitoka kwenye friza usikifungue. Kiweke juu ya meza, nenda kanywe chai, urudi kikiwa kimekauka jasho. Unga uliomo ndani ni kidogo kuliko chumvi ya kuonja mchuzi, na ukiufungua ungali baridi unavuta unyevu wa hewa, hasa Julai ukungu ukishuka kutoka mlimani. Halafu unakuja kuniambia mashine ya kupimia ina kasoro. Mashine haina kasoro, wewe una haraka.

Nasema hivi kwa sababu mjukuu wangu, ambaye naye siku hizi anavaa koti jeupe, aliniletea wenzake wa chuo wanihoji kuhusu chanjo ya saratani tuliyoijaribu kwenye maabara yetu ya hospitali Moshi miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Mmoja akaniuliza, "Bibi, kumbe na nyie mlikuwa na hivyo vitu?" Nikamtazama. Anadhani sisi tulikuwa tunapima malaria na choo tu. Choo tulipima, na msikidharau choo, kimeokoa watu wengi kuliko hizo kompyuta zenu. Lakini ndiyo, hivyo vitu tulikuwa navyo, na nitawaeleza, ila mniache nieleze kwa njia yangu.

Ilikuwa miaka ambayo milango imefunguliwa. Mitumba imejaa sokoni, maduka ya dawa ya watu binafsi kila kona, kahawa imeanguka bei na watu wanang'oa mibuni wapande nyanya. Na wageni wa utafiti nao wakawa wanakuja na masanduku yao ya barafu kavu. Umeme ulikuwa wa mgao. Mimi nilizoea kusikiliza mlio wa friza hata nikiwa naongea na mtu, na ukikatika nakuacha na sentensi yako mdomoni nakimbilia jenereta.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi. Seli zikishaharibika zinabaki na protini za kile kirusi, lakini mwili, pamoja na chembe zake nyeupe zote, unapita hapo kila siku usione kitu. Wataalamu wakachagua vipande vifupi vya hizo protini, ndivyo vinavyoitwa peptidi, wakavitengeneza Ulaya wakatuletea vikiwa unga. Sisi kule kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba, mbwa wetu tulimfundisha hivyo hivyo: mwizi wa ndizi alichanika shati kwenye ua, tukampa mbwa kile kitambaa akinuse. Peptidi ni kitambaa cha shati. Haikuwa chanjo ya kuzuia ugonjwa kama ile ya surua. Ilikuwa ya wanawake waliokwisha kuugua na kufanyiwa upasuaji, tukiogopa ugonjwa usije ukawarudia.

Unga ule peke yake mwili unaupuuza. Ukishauyeyusha, unauchanganya na mafuta maalumu ili ukae pale ulipochomwa, usikimbie. Unaunganisha mabomba mawili ya sindano mdomo kwa mdomo, unasukuma huku, unasukuma kule, mpaka uwe mweupe mzito kama mgando. Mara ya kwanza nilisukuma mpaka dole gumba likaota lengelenge. Nyuma yangu amesimama Mzee Hamisi, mkuu wetu wa maabara, mtu wa mjini hapo hapo Moshi, kofia yake imenyooka na kalamu sikioni.

"Bado," akasema.

Nikasukuma.

"Bado."

"Mzee, basi njoo usukume wewe."

Akachukua glasi ya maji baridi akadondosha tone moja la ule mchanganyiko juu yake. Likatawanyika kama mafuta ya taa. "Unaona? Likikaa duara bila kutawanyika ndipo limeiva. Na mimi sisukumi, mimi nina kisukari." Kisukari na kusukuma wapi na wapi, sikuuliza, nikaendelea.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeharibu kichupa kizima kwa kukitikisa kama kibuyu cha maziwa. Kilijaa povu juu hadi chini. Mzee Hamisi alikiinua kwenye mwanga, akaniuliza kama siagi imeshapatikana, maana kwake mkate upo. Peptidi haitikiswi, wanangu. Inazungushwa taratibu mkononi mpaka iyeyuke kwa hiari yake.

Lakini alilonifundisha kubwa zaidi halikuwa la mikono. Ukisoma slaidi, alikuwa akisema, sema ulichokiona, usiseme ulichotaka kukiona, wala anachotaka daktari kusikia. Siku moja nilimwambia daktari mmoja "nadhani" juu ya damu ya mgonjwa. Mzee Hamisi akanivuta kando. "Kudhani kafanyie mnadani Himo," akaniambia, "huko watakuhitaji." Sikulirudia tena lile neno mbele yake, na nyumbani pia nililipunguza.

Sasa nije kwenye lenyewe. Ile chanjo tulichoma pajani. Baada ya muda pale pajani panakuwa pagumu, na hilo halikututisha, tulilitarajia. Kilichotutisha ni mtoki. Mtoki mnaujua: mtoto akijikwaa kidole, tezi ya kinenani inavimba, bibi yake anamwambia usijali. Ile tezi ndiyo shule ya chembe nyeupe. Chanjo ikiingia pajani, tezi ya jirani inaipokea, chembe zinafundishwa humo, tezi inavimba. Ni jambo jema. Ila saratani ya mlango wa kizazi nayo ikirudi, kuna wakati inachomoza kwenye tezi hiyo hiyo. Umenipata? Uvimbe mmoja, mahali pamoja. Ama mwili unajifunza, ama ugonjwa umerudi, na kwa kidole huwezi kuvitofautisha.

Mama Aikande alikuwa mgonjwa wetu kutoka Rombo, juu ya Tarakea. Mwanamke wa utani. Alikuwa akija kliniki anachungulia maabara, ananiita Mae, yaani mama kwa lugha yetu: "Mae, leo umesukuma vizuri au nivue kitenge nikusaidie?" Mume wake alifanya kazi mgodini kanda ya ziwa, kwa hiyo nyumbani alikaa na watoto na mama mkwe wake. Binti mkubwa, Aikande mwenyewe, alikuwa ndio anaanza sekondari. Nilimpenda yule mama, sioni haya kusema. Wagonjwa wengine unawahudumia, wengine unawasubiri.

Siku alipopimwa baada ya sindano ya tatu, Daktari Rwezaula, kijana wa Bukoba aliyesimamia ule utafiti, akakuta mtoki. Ulikuwa mgumu, ukubwa wa tunda la kahawa. Akamweleza vizuri: tutaingiza sindano nyembamba, tuvute chembe chache, tuzitazame kwenye hadubini, tujue. Ikiwa ni ugonjwa, chanjo tunasimamisha na unakwenda Dar kwenye mionzi mapema. Mama Aikande siku hiyo hakutania. Akasema atakwenda kwanza kumwambia mama mkwe. Kliniki iliyofuata hakuonekana, na iliyofuata tena hakuonekana.

Habari tukazipata kwa wanawake wenzake wa Rombo. Mama mkwe alikuwa na dada yake aliyeota uvimbe kwenye titi. Alipelekwa hospitali, akachomwa sindano kwenye uvimbe, na kabla kahawa haijaiva alikuwa kaburini. Tangu hapo mgongo ule wote wa mlima wanajua: uvimbe ukichomwa unaamka. Msicheke. Yule dada alipelekwa akiwa amechelewa, sindano ilikuta ugonjwa umeshatapakaa. Lakini wewe ungekuwa nyumbani, ukaona ndugu yako amechomwa, halafu amekufa, ungesemaje?

Tukapanda Rombo, mimi na daktari. Hakuna lami enzi hizo, ni vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Njia nzima alikuwa anapiga hesabu ya wakati kwa sauti, ikiwa ni ugonjwa umeshafika wapi, na mimi namwambia anyamaze aendeshe.

Tulipofika kwenye ua akasimama. Huku kwetu mipaka ya kihamba tunapanda isale, ule mmea wa majani marefu membamba. Ni mpaka, na ni wa kuombea. Mtu akikujia na jani la isale mkononi, hata kama amekutendea ubaya gani, ombi lake hulikatai. Unameza mate machungu unakubali, maana hata wazee wako waliomo ardhini wanakutazama. Daktari alikuwa ameyasikia hayo kwa wagonjwa wodini. Akakata jani moja akanishikisha.

"Ingia nalo wewe, Mama. Wewe ni wa kwao."

"Niingie nalo la nini?"

"Mwombe yule bibi aturuhusu. Hatakataa, si ndivyo?"

"Hatakataa."

"Basi."

Nililishika lile jani. Nusu yangu ilitaka kuingia nalo. Nilijua lingefanya kazi. Mama Aikande angekuwa kwenye gari letu kabla jua halijageuka.

"Daktari," nikamwambia, "siku unamwingiza kwenye utafiti ulimwambia ana haki ya kukataa siku yoyote. Ulimwambia, hukumwambia?"

"Nilimwambia. Lakini Mama, anaweza kufa."

"Najua anaweza kufa. Nikiingia na hili, ile haki nimemnyang'anya. Hiyo si ruhusa, ni kumfunga kamba."

"Kamba inayomwokoa."

"Na ikiwa haikumwokoa?"

Alikuwa na machozi ya hasira, kijana wa watu, na mimi hasira zangu zilikuwa hazipungui zake. Nikalilaza lile jani kwenye shina lilikotoka, tukaingia mikono mitupu.

Bibi tulimkuta kwenye kiti kidogo mlangoni pa jiko, anamenya ndizi za kiburu, ule mseto wetu wa ndizi na maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Mama Aikande alitoka ndani, amekonda kidogo, akatuletea viti. Hatujaulizana hali ya watoto, bibi akasema:

"Nimewaona pale uani. Mlikuwa na isale, mkaiacha. Kwa nini?"

Nikajua hapa hakuna kujificha. "Mae, ningeingia nayo usingekuwa na la kusema. Nilitaka uwe na la kusema."

Akaweka kisu chini.

"Basi ninalo," akasema. "Hapana."

Daktari Rwezaula aliinamisha kichwa. Mimi nikamgeukia Mama Aikande, kwa sababu mwili ni wake. Nikamweleza tena kila kitu mbele ya mama mkwe wake. Kwamba sindano yenyewe ni nyembamba kuliko ile anayochomwa pajani. Kwamba sijui kitakachoonekana. Akaniuliza, "Mae, wewe kwa macho yako, ni chanjo au ni ugonjwa?" Mungu anajua nilivyotaka kusema ni chanjo. Nikamwambia siwezi kujua bila kutazama. Akasema, "Nipeni muda." Tukaaga, tukashuka.

Tulipofika njia panda ya Himo daktari akasema, "Siku tunazopoteza si zetu, Mama, ni za yule mwanamke." Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Wiki zilizofuata nilifanya kazi kama mtu anayesubiri kupigwa. Nilisukuma chanjo za wengine, nikadondosha matone yangu kwenye glasi, na kila basi la Rombo likipiga honi barabarani nachungulia dirishani. Mzee Hamisi aliniona, akaniletea chai, akakaa. Nikamuuliza kama nilikosea. Akasema, "Mimi si mtu wa kwenu huko mlimani, siwezi kukujibu. Kunywa chai."

Akaja. Siku ya kliniki, asubuhi kabisa, amevaa kitenge cha kanisani, na mama mkwe wake amemshika mkono. Hakuna aliyewafuata wala kuwaita. Bibi akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ameamua mwenyewe. Mimi nimemsindikiza tu." Daktari akachoma, akavuta, akanikabidhi. Nikapaka slaidi, nikazikausha, nikazitia rangi, nikazisuuza. Kusuuza nako kunataka utulivu. Maji yakienda kwa nguvu unaosha chembe zote ukabaki na kioo. Sijawahi kusuuza slaidi kwa utulivu vile, na moyo unagonga vile.

Daktari Rwezaula akasoma. Akamwita Mzee Hamisi asome naye, bila kumwambia alichokiona. Mzee akasogeza slaidi huku na huku, akavua miwani. Kukiwa na mtoki wa kujifunza unaona chembe ndogo nyingi za kila umri, watoto kwa wakubwa. Hapa palikuwa na mafungu ya chembe kubwa, zimekumbatiana, viini vyake vyeusi vimevimba. Nami nikachungulia, sikuhitaji kuambiwa. Ugonjwa ulikuwa umerudi.

Aliambiwa siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili cha wazi, mkwe wake akiwa kando. Halafu akaja maabara, akasimama mlangoni.

"Mae. Ningekubali ile siku mliyokuja, ingekuwa tofauti?"

Sema ulichokiona. Nilichokuwa nimekiona ni slaidi za siku ile moja tu.

"Labda," nikamwambia. "Sijui. Labda ingekuwa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ile siku nilikuwa na woga. Mngenichukua na woga wangu, ningewafia kwenye gari lenu." Akajaribu kucheka, mimi nikalia, yeye ndiye akanibembeleza.

Alikwenda Dar kwenye mionzi. Alirudi, akapata nafuu, akalima tena vitunguu vyake, akamwona Aikande anaingia kidato cha tatu. Halafu ukarudi tena, safari hii kwa kasi, akafia nyumbani kwake. Utafiti nao ulikwisha. Damu za baadhi ya wanawake wetu zilionyesha kwamba chembe zao zilikuwa zimejifunza kweli, tena vizuri, lakini kujifunza kwa damu si kupona kwa mtu, na hilo mlishike. Siku hizi nasikia mnasoma uvimbe wa kila mgonjwa na kumtengenezea peptidi zake mwenyewe. Vizuri sana. Mzee Hamisi, Mungu amrehemu, angewauliza kama tone likidondoshwa linakaa duara.

Tulikwenda kuzika, mimi na Daktari Rwezaula. Sitaficha, niliogopa. Niliwaza yule bibi atasimama mbele ya watu aseme uvimbe ulichomwa ukaamka, na hakuna mwanamke wa mgongo ule ambaye angekanyaga tena hospitali. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na migomba. Wakati watu wanagawiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, bibi akaja akanishika mkono, akaniingiza jikoni, akafunga mlango. Akaufungua ubavu wa kanga yake, akachukua vidole vyangu akavibandika chini ya kwapa. Kulikuwa na uvimbe, mgumu kama jiwe la mtoni.

"Mae, tangu lini hii?"

"Tangu hata dada yangu hajazikwa."

Miaka yote ile, alipokuwa anasema hapana, alikuwa anasema hapana akiwa nao.

Juma lililofuata alishuka Moshi. Hakuja peke yake. Alikuja na wanawake wa kule kwao, wengine nawajua kwa sura, wengine sijapata kuwaona, wameketi kwenye benchi la nje kimya na kanga zao wamezikaza. Alimleta na Aikande, amevaa sare ya shule. Daktari Rwezaula akamwomba binti asubiri nje. Bibi akakataa. Akapanda kitandani, akainua mkono wake juu ya kichwa, akaagiza mlango uachwe wazi ili wale wa kwenye benchi waone.

"Sogea, Aikande," akasema. "Tazama vizuri. Na nikifa, usije ukasema ni sindano."